Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui na hukumu ya anayekataa kazi ya halali

SIFA zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, Mwenye kuruzuku bila ya kuombwa na Mwenye kuamrisha waja wake watafute riziki kwa njia za halali. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Maswahaba zake na wote waliowafuata kwa wema.

Ndugu Waislamu, wiki hii tunawaletea maisha ya mwanachuoni mkubwa wa Afrika Mashariki, Sheikh Al-Amin bin Ali bin Abdallah bin Nafi' Mazrui wa Mombasa, ambaye alifariki mwaka 1947. Kabla ya kuingia katika maisha yake tunapenda kueleza kilichotufanya tumchague yeye na si mwingine.

Baada ya swala ya Ijumaa huko Ikola, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, mzee mmoja alitufuata barazani mwa msikiti. Alitusalimia, akatuita pembeni, kisha akatuuliza suala ambalo lilionekana kumlemea kwa muda mrefu. Alisema kuwa anaye kijana wa kiume, mzima wa afya, aliyemaliza kidato cha nne. Serikali ilipofunga uvuvi katika ziwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti mwaka 2024, vijana wote wa pale walikaa nchi kavu, na hakuna aliyemlaumu mwenziwe. Ziwa lilipofunguliwa wenzake walirudi vyomboni, lakini yeye alibaki kibarazani na amebaki hapo tangu siku hizo. Haendi ziwani, haendi shambani, hataki kuanika dagaa wala kubeba mzigo, kwa kuwa anaona kazi hizo hazimfai mtu aliyesoma. Mzee mwenyewe mgongo umechoka, na bado ndiye anayeingia ziwani usiku ili nyumba ile ile. Akatuuliza: je, akimnyima kijana huyo chakula atakuwa amemdhulumu? Na je, anaweza kumpa katika zaka yake?

Tulimpa jawabu fupi siku ile. Lakini suala lake ni la nyumba nyingi, si la Ikola peke yake. Nalo ni suala la sheria kabla ya kuwa suala la tabia. Katika ulamaa wa ukanda wetu, tunaona kuwa Sheikh Al-Amin ni miongoni mwa walioliangalia jambo hili kwa pande zote mbili: kama mwalimu aliyekemea uvivu, na kama kadhi aliyehukumu baina ya watu.

Nasaba na malezi yake

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891 katika ukoo wa Mazrui. Ukoo huu ndio uliotawala Mombasa kwa karibu miaka mia moja hadi ulipoondolewa na Sayyid Said bin Sultan mwaka 1837. Kwa hiyo alizaliwa katika nyumba iliyokuwa na jina kubwa, lakini utawala ulikuwa umekwisha kuondoka zamani. Mtu wa namna hii huwa na njia mbili mbele yake: ama aketi na kusimulia enzi za babu zake, ama asimame na kutafuta heshima yake kwa elimu na kazi. Yeye alichagua ya pili.

Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni maarufu wa madhehebu ya Imam Shafi. Kwa sababu ya misimamo yake ya kielimu alifungwa katika zama za Sayyid Barghash wa Unguja, naye hakutoka gerezani ila baada ya Sayyid huyo kufariki mwaka 1888. Sheikh Ali alifariki mwaka 1894, na mwanawe Al-Amin alikuwa na umri wa miaka mitatu hivi. Yatima huyo akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, ambaye naye alikuwa mwanachuoni na kadhi.

Ndugu msomaji, tuzingatie jambo hili. Watu wengi husingizia uyatima au umasikini kuwa ndio uliowakosesha kufanya lolote. Sheikh Al-Amin hakumjua baba yake ila kwa kusimuliwa, na hilo halikumzuia kusoma.

Safari ya elimu

Alipomaliza kuchota kwa masheikh wa Mombasa, alikwenda Unguja, ambayo wakati huo ilikuwa kitovu cha elimu ya dini katika pwani yote. Huko alisoma kwa wanavyuoni wawili wakubwa: Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumeit na Sheikh Abdallah Bakathir. Wote wawili walifariki mwaka mmoja, 1925. Sayyid Ahmad bin Sumeit, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861, katika ujana wake alikuwa mtu wa bahari na biashara, akisafiri na jahazi kama baba yake, kabla ya kushika ukadhi wa Unguja. Hivyo mwanafunzi wake hakuona tofauti baina ya kilemba cha elimu na kamba ya tanga.

Pamoja na elimu hiyo, Sheikh Al-Amin alikuwa akisoma kwa bidii maandiko yaliyotoka Misri. Alisoma gazeti la Al-Manar, lililoanzishwa Cairo mwaka 1898 na Sheikh Rashid Rida, na alisoma fikra za Sheikh Muhammad Abduh. Wanavyuoni hao walikuwa wakiuliza suala moja kubwa: kwa nini Waislamu, waliokuwa mbele katika elimu na ufundi, wamerudi nyuma? Sheikh Al-Amin alilichukua suala hilo na kuliuliza kwa watu wa kwao.

Hali ya Mombasa katika zama zake

Hatuwezi kufahamu mafundisho yake bila ya kuujua mji alioishi. Tangu mwaka 1895 Mombasa na ukanda wa pwani ya Kenya vilikuwa chini ya uangalizi wa Waingereza, ingawa bendera ilikuwa ya Sultani wa Unguja. Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na ikafika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Bandari ya Kilindini ikakua. Watu kutoka bara, India na kwingineko wakaingia mjini kutafuta kazi.

Mwaka 1907 utumwa ukafutwa kisheria katika ukanda ule. Hapa pana jambo zito ambalo lazima tuliseme kwa ukweli. Katika miji mingi ya pwani, kwa vizazi vingi, kulima, kubeba na kuchimba zilikuwa zimehesabiwa kuwa kazi za watumwa. Muungwana alitakiwa asishike jembe. Utumwa ulipoondoka, dharau ya kazi haikuondoka pamoja nao. Wenye mashamba wakabaki bila ya wa kuwalimia, na wengi wao hawakutaka kulima wenyewe. Baada ya sheria ya kuandikisha ardhi ya mwaka 1908, watu wakapata hati, na wengi wakauza mashamba ili fedha zitumike kwa harusi, matanga na mashindano ya ngoma. Fedha zikaisha na ardhi haikurudi.

Magazeti yake na wito wa kazi

Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin alianza kutoa jarida dogo lililoitwa As-Sahifa, na mwaka 1932 akaanzisha gazeti la Al-Islah, maana yake matengenezo, kwa Kiswahili na Kiarabu. Katika historia ya uandishi wa Kiislamu kwa Kiswahili, kazi hizi mbili ni za mwanzo kabisa. Hata ukurasa huu wa Ijumaa unaousoma leo umepita katika njia aliyoifyeka yeye. Makala yake mengi yalikusanywa baadaye katika kitabu kinachoitwa Uwongozi.

Katika makala hayo aliwasema watu wake bila ya kuwapaka mafuta. Aliwalaumu kwa uvivu, kwa israfu katika harusi na misiba, kwa kuuza ardhi, kwa kuacha elimu ya dini na elimu ya dunia zote mbili, kwa kutowasomesha watoto wa kike na kwa kujifaharisha kwa nasaba. Aliwaonyesha kuwa wageni waliokuja mikono mitupu walikuwa wakipanda kwa juhudi, na wenyeji wakishuka kwa kukaa. Hakukubali kuwa kurudi nyuma kwa Waislamu kulisababishwa na dini yao. Kwake yeye, kulisababishwa na kuiacha dini hiyo, ambayo inaamrisha kazi kama inavyoamrisha swala.

Na ushahidi wa hilo uko wazi. Sura ya Ijumaa inatuamrisha kuacha biashara pale inapoadhiniwa swala, kisha inatuamrisha kutawanyika katika ardhi na kutafuta fadhila za Mwenyezi Mungu pale swala inapokwisha. Amri hizo mbili zimekuja pamoja, zikifuatana. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba mtu kuchukua kamba yake na kubeba tita la kuni mgongoni ili auze ni bora kwake kuliko kuwaomba watu, wampe au wamnyime. Na imepokewa humo humo kuwa Nabii Daud (A.S.), naye ni mfalme, alikuwa akila kutokana na kazi ya mkono wake.

Wapo wanaosema kuwa kukaa ni kumtegemea Mungu. Hilo ni kosa. Hadithi aliyoipokea Tirmidhi inatupa mfano wa ndege, ambao hutoka asubuhi na njaa na kurudi jioni wameshiba. Ndege hao hutoka. Hawaletewi riziki kioteni.

Al-Amin kadhi, na hukumu ya mwenye uwezo wa kuchuma

Mwaka 1932 Sheikh Al-Amin alishika ukadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, cheo alichokuwa nacho hadi alipofariki. Kuanzia hapo aliyoyaandika gazetini yakawa yanamjia mezani kwa sura za watu: mke asiyepewa nafaka, baba aliyetupwa na wanawe, mdai na mdaiwa.

Kadhi wa pwani katika zama hizo alihukumu kwa madhehebu ya Imam Shafi, na miongoni mwa vitabu vikubwa vya marejeo ni Minhaj ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277. Katika sheria hiyo, uvivu una maana maalumu. Haumaanishi kutokuwa na kazi. Mtu anaweza kukosa kazi na asiwe mvivu. Sheria inamtazama yule aliye na uwezo wa kuchuma, kisha akaacha kuchuma. Na uwezo wa kuchuma hautimii ila kwa masharti. Kwanza, awe na nguvu ya kufanya kazi hiyo bila ya mashaka yasiyovumilika. Pili, kazi iwepo, au apatikane wa kumuajiri. Tatu, iwe ya halali. Nne, iwe inalingana na mtu kama yeye kwa mujibu wa ada ya watu wake.

Masharti haya yanapotimia, sheria inauhesabu uwezo huo kuwa ni kama mali. Hili ni jambo kubwa, na tunaomba wasomaji walishike. Mwenye nguvu na kazi mbele yake si fakiri mbele ya sheria, hata kama mfuko wake ni mtupu. Yeye ni mithili ya tajiri aliyefunga sanduku lake. Kutokana na msingi huo zinatoka hukumu kadhaa.

Kwanza ni zaka. Imepokewa na Abu Dawud na Nasai kuwa watu wawili walimwendea Mtume (S.A.W.) katika Hija ya Kuaga, naye alikuwa akigawa sadaka. Aliwatazama kuanzia juu hadi chini, akawaona wana nguvu, akawafahamisha kuwa katika zaka hakuna fungu la tajiri wala la mwenye nguvu anayeweza kuchuma. Ulamaa wetu wakabainisha zaidi: anayejishughulisha na elimu ya sheria yenye manufaa, na lau angefanya kazi angekatika na elimu hiyo, huyo anaweza kupewa zaka. Lakini anayeacha kazi ili azame katika swala na nyiradi za sunna, huyo hapewi. Ikiwa ibada ya sunna haimfanyi mtu kuwa fakiri wa kupewa zaka, vipi kukaa kibarazani?

Pili ni nafaka ya mke. Mume mwenye uwezo wa kuchuma hawezi kujitetea kuwa hana kitu. Anahesabiwa kama aliye nacho na anazuia, na kadhi humlazimisha kutekeleza wajibu wake. Dhambi yake si ndogo, kwani imepokewa kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kuwa inamtosha mtu dhambi kuwapoteza wale ambao riziki zao ziko mikononi mwake.

Tatu ni nafaka ya wazazi na watoto, na hapa ndipo suala la mzee wa Ikola lilipo. Mtoto mdogo, mgonjwa asiyejiweza na mwenye maradhi ya akili, wote hao nafaka yao ni wajibu kwa baba. Mtoto aliyebaleghe, mzima, mwenye uwezo wa kuchuma na asiyetaka, kauli yenye nguvu kwa Imam Nawawi ni kuwa hana haki ya nafaka kwa baba yake. Lakini mzazi fakiri, hata kama bado angeweza kujikongoja kufanya kazi, ana haki ya nafaka kwa mwanawe mwenye uwezo. Sheria haikuwaweka sawa. Mtoto halazimishi baba kumtumikia, bali baba anayo haki katika jasho la mtoto.

Tofauti ya mvivu na aliyezuiwa

Sheria za serikali nazo zimeligusa jambo hili, na ni vyema tuzijue. Wakati wa ukoloni, neno uvivu lilitumiwa vibaya. Katika Kenya ya Sheikh Al-Amin, Gavana Northey alitoa waraka mwaka 1919 wa kuwataka maofisa na machifu wawahimize Waafrika kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi. Mtu aliyekuwa akilima shamba lake mwenyewe aliweza kuitwa mvivu kwa sababu tu hakulima la mzungu. Huo haukuwa wito wa kazi. Ulikuwa wito wa kumtumikia mwingine kwa nguvu, nao hauingii katika maana ya kisheria tuliyoieleza.

Hapa kwetu Tanzania, Katiba katika ibara ya 25 inamtaka kila mtu kushiriki kwa kujituma na uaminifu katika kazi halali ya uzalishaji mali, na wakati huo huo inakataza kazi ya shuruti. Mwaka 1983 ilitungwa Sheria ya Nguvu Kazi, na watu wasio na kazi wakakamatwa mijini na kurudishwa vijijini. Kanuni ya Adhabu nayo, katika kifungu cha 176, ilimuingiza katika wazururaji mtu mwenye nguvu asiyefanya kazi ya uzalishaji na asiye na njia inayoonekana ya kujikimu. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji zinazomuadhibu mtu kwa hali yake tu, bila ya kosa alilolitenda, zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika.

Ukiyapima hayo kwa fiqhi utaona jambo la busara. Kadhi hakumtia mtu ndani kwa kuwa amemkuta amekaa. Aliuliza kwanza: je, anaweza? Kazi ipo? Ni ya halali? Na nani mwenye haki iliyopotea kwa kukaa kwake? Hukumu ikaja kwa ajili ya mwenye haki: mke, mtoto, mzazi au fakiri wa kweli ambaye fungu lake limechukuliwa na asiyestahiki.

Kwa kipimo hicho, wavuvi wa Ikola na Karema waliokaa miezi ile mitatu ya mwaka 2024 hawakuwa wavivu. Walizuiwa na sheria iliyowekwa ili samaki wazaliane. Wala si wavivu wanapokaa nchi kavu katika siku za mbalamwezi, ambapo taa hazivuti dagaa. Wala si mvivu kijana anayekataa kuvua kwa nyavu zilizokatazwa au kubeba shehena ya pombe, kwani hiyo si kazi ya halali, na kuikataa kwake ni ibada.

Kufariki kwake na aliyoyaacha

Sheikh Al-Amin alifariki Mombasa mwaka 1947, akiwa na umri wa miaka 56. Miaka michache baadaye mjini humo kulifunguliwa chuo cha ufundi kwa ajili ya Waislamu, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Mwanawe Ali, aliyezaliwa mwaka 1933, alikuwa karani katika chuo hicho kabla ya kwenda kusoma ng'ambo na kuwa Profesa Ali Mazrui, aliyejulikana dunia nzima hadi alipofariki mwaka 2014.

Sheikh aliacha historia ya ukoo wa Mazrui aliyoiandika kwa Kiarabu, na sehemu za tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili, ambazo zilichapishwa baada yake. Lakini zaidi aliacha wanafunzi. Sheikh Muhammad Kassim Mazrui, aliyefariki 1982, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na mwandishi. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyefariki pia mwaka 1982, alishika cheo hicho hicho kuanzia mwaka 1968, na tafsiri yake ya Kurani Takatifu iliyotoka mwaka 1969 iko katika nyumba na misikiti mingi hadi mwambao wa Ziwa Tanganyika. Tuliikuta Ikola pia, jalada lake limechakaa kwa kusomwa. Hivyo kazi ya mtu wa Mombasa imefika pale ambapo yeye mwenyewe hakufika.

Jawabu letu kwa mzee wa Ikola

Tunarudi sasa kwa mzee wetu, na jawabu hili ni kwa kila mzazi mwenye mtihani kama wake.

Kwanza, mzee ajiridhishe kuwa masharti yametimia. Je, kijana wake hana maradhi yaliyofichika, hata ya moyo na akili? Je, anaijua kazi? Kijana aliyekaa madarasani miaka kumi na zaidi huenda hajui kushika wavu, na anaona haya kuuliza mbele ya wadogo zake. Kumfundisha mtoto njia ya kuchuma ni sehemu ya malezi, na baba asimdai mwanawe alichokuwa hajampa.

Pili, hoja ya kuwa kazi ya ziwa haimfai msomi haisimami. Sharti la kulingana linapimwa kwa ada ya watu, na halikuwekwa ili kuwa kinga ya kiburi. Kazi iliyomlea, ikamvisha na kumlipia ada ya shule haiwezi kuwa aibu kwake leo. Hii ndiyo dharau ile ile iliyowapotezea watu wa pwani mashamba yao katika zama za Sheikh Al-Amin. Tofauti ni kwamba wao walijificha nyuma ya nasaba, na vijana wetu wanajificha nyuma ya cheti. Tena elimu yake ina kazi pale pale: mahesabu ya chombo, kuhifadhi dagaa wasioze, kutafuta soko la Mpanda na mbele zaidi.

Tatu, masharti yakishatimia, mzee hana dhambi akimwambia kuwa chakula cha bure kimekwisha. Hatakuwa amemdhulumu. Akiendelea kumlisha kwa huruma, hiyo ni hisani yake na ana malipo kwa Mola wake, lakini si wajibu. Ama zaka, asimpe. Zaka ina wenyewe, na pale kijijini wamo wajane na wagonjwa wanaoingoja.

Nne, na hili tunamwambia kijana, iwapo ukurasa huu utamfikia. Nguvu zako ni mali, na katika mali hiyo baba yako ana haki. Kila usiku anapoingia ziwani na mgongo ule, na wewe umelala, haki yake inapita na Allah (S.W.) anaiona. Usiogope kuonekana na mapangaboi mikononi. Mtume (S.A.W.), kama alivyopokea Abu Dawud, alimtaka Ansari mmoja aliyekuja kuomba alete nguo na bakuli, vitu pekee alivyokuwa navyo, akaviuza kwa dirhamu mbili. Moja ikanunua chakula cha nyumbani, moja ikanunua shoka, naye Mtume (S.A.W.) akatia mpini kwa mkono wake mtukufu, kisha akamtuma kuni. Hakumkemea wala hakumfukuza, bali alimpa chombo cha kazi na muda wa siku kumi na tano.

Tungependa wazazi wafanye hivyo hivyo: chombo cha kazi, muda uliopangwa, na hesabu mwisho wa muda. Ni njia ya Mtume (S.A.W.), na inahifadhi heshima ya baba na ya mwana.

Tunamuomba Allah (S.W.) amrehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui na walimu wake na wanafunzi wake, awape vijana wetu mapenzi ya kazi ya halali, awape wazazi subira na hekima, na atujaalie riziki zenye baraka. Amin.

Wabillahi tawfiq.